Binti Aliyesimama Kila Duka

Haya ni kweli tupu, kweli ya kuapiwa mbele ya mama mzazi, na atakayekuta humu chembe ya uongo aniite mwongo mchana kweupe, katikati ya watu, nami sitabisha. Mengine niliyaona kwa macho yangu. Mengine nilisimuliwa na waliokuwemo. Na yale machache ambayo hakuna aliyeyaona wala kuyasikia, nimeyaweka pale ambapo ilikuwa lazima yawepo.

Asubuhi hiyo gari la mikate lilikuwa likishuka mteremko wa kutoka kwenye tanuri, na Mzee Mikate alikuwa amekaa kiti cha abiria ndani ya gari lake mwenyewe. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga breki isiyokuwepo.

"Mzee, utatoboa sakafu," alisema dereva.

"Kona hii ina shimo."

"Umelionaje, na macho yenyewe ndiyo hayo?"

Hakuliona. Alilijua. Alilijua shimo lile tangu likiwa ufa, likakua mbele yake kama mtoto wa jirani. Dereva akaliingia lote kwa gurudumu la mbele, kisha, kana kwamba la mbele halikutosha, akaliingia na la nyuma. Kreti ziliruka, zikatua, na Mzee Mikate akasikia mikate ikilaliana huko nyuma kwa sauti laini ambayo mtu mwingine asingeisikia. Ilikuwa sauti ya mkate kuvunjika mbavu.

Dereva huyu alikuwa wa kukodi, kijana wa miwani ya jua asubuhi na jioni, na siku ya kwanza tu alisema akiitwa kijana hasikii, akiitwa Bosi anasikia. Basi akaitwa Bosi. Kazi yake ilikuwa kuendesha. Kufungua mlango wa nyuma, kushusha kreti, kuhesabu, kuinama na kuinuka, hiyo ilikuwa kazi ya mwenye gari. Na kila asubuhi Bosi alichagua mkate mmoja wa moto, akautumbua katikati kwa kidole gumba na kula ule ulaini, maganda akamwachia Mzee kwenye dashibodi. Mzee Mikate hakusema kitu, kwa sababu mkate ule ulikuwa bei ya kumfunga mdomo. Zaidi ya mkewe na binti yake, Bosi peke yake ndiye aliyejua kwamba presha ya macho ilikuwa imemla Mzee pembeni zote za dunia, akabaki anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Daktari alikuwa amesema neno moja: usukani basi.

Mtaani hawakujua. Walipoona ameajiri dereva, wao wenyewe walijitungia sababu.

"Mwekezaji huyo," alisema Bi Mizani, mwenye duka mkabala na kivuko cha waenda kwa miguu, gari liliposimama pale lilipozoea kusimama. "Siku hizi anatembezwa kama bwana harusi. Sisi wengine hata hatuonekani."

"Ah, Bi Mizani, wewe huachi utani," alisema Mzee, akicheka kuelekea sauti ilikotoka. Bosi naye akacheka, kicheko cha mtu anayejua.

Bi Mizani akachukua mkate, akaubonyeza. "Huu umelaliwa na nani?"

Akarudisha kreti moja nzima, na duka lililofuata likarudisha nusu. Waliporudi kwenye tanuri na mikate iliyokataliwa, Mama Tanuri, mwanamke mwenye unga hadi kwenye kope, alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mzee Mikate, mimi naoka mikate, sisuki mikeka. Wateja wananipigia simu. Mwisho wa mwezi naitoa njia hii kwa mtu mwingine."

"Nipe muda. Kitinda wangu anajifunza udereva. Umri wa leseni amefikisha."

"Yule mdogo?"

"Si mdogo tena. Amenipita urefu."

Mama Tanuri alimtazama. Alimpenda mzee huyu. Mikate yake ilikuwa imefika mizima kwa miaka mingi kuliko alivyokumbuka. "Haya. Akipata leseni kabla ya mwezi kuisha, njia ni yenu. Asipopata, tusiwekeane kinyongo."

*

Jioni nyumbani kwao, Kitinda alikuwa akiendesha. Alikaa kwenye kigoda sebuleni, mfuniko wa sufuria mkononi, na chini ya miguu yake ndala tatu zimepangwa: klachi, breki, mafuta. Mama yake alikuwa karibu na mlango akimsuka mteja nywele, kitana kimebanwa na meno. Baba alikaa pembeni, akisikiliza ndala.

"Umewahi kuachia klachi."

"Baba, hii ni ndala."

"Ndala nayo ina adabu yake."

Hapo ndipo Mwalimu Taratibu alipobisha hodi. Alikuwa mwalimu wa shule ya udereva, mtu mpole, jina lile alipewa na wanafunzi kwa sababu hata gari likiwa limesimama alikuwa akisema taratibu. Siku hiyo alionekana amechoka kama mtu aliyelisukuma gari badala ya kulifundishia.

"Mzee mwenzangu, nimekuja kwa amani."

"Karibu, Mwalimu. Mtoto amekosa nini?"

"Hajakosa. Anajua sana, na hapo ndipo kwenye tatizo. Anajua gari lako." Akakaa. "Breki anaikanyaga mara mbili. Ile ya kwanza peke yake inatosha kunipeleka kwenye kioo. Akiingiza gia ya tatu anaishikilia, kama mtu aliyemshika mtoto asikimbilie barabarani. Akikata kona anatoa mkono nje dirishani, na indiketa zipo. Nikamuuliza kwa nini."

"Nilisema taa ya upande ule haijawahi kuwaka," alisema Kitinda, akitazama mfuniko wake.

"Umeona? Mzee, gari la shule ni zima. Lakini binti yako analiuguza."

Mama akatoa kitana mdomoni ili apate nafasi ya kucheka. "Mwalimu, huyu kafuata kwa baba yake. Mlango wa chumbani anauinua kwanza ndipo aufungue. Nyumba yenye mlango mbovu tulishahama, mlango huu hauna kosa lolote, yeye anauinua tu."

"Ni tahadhari," alisema Mzee.

"Mimi najenga mchana," alisema Mwalimu Taratibu, "wewe unabomoa jioni. Nakuomba, hadi siku ya mtihani, usimwambie kitu. Hata neno."

Mzee Mikate aliahidi. Moyoni aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kafahari kadogo, maana si kila baba hurithiwa hadi magonjwa ya gari lake. Alitimiza ahadi. Jioni zilizofuata alikaa palepale, ndala zikikosea mbele ya masikio yake, naye akiwa na ushauri mdomoni kama mtu aliyebugia kiazi cha moto mbele ya wakwe. Na kweli, Mwalimu alipata maendeleo. Breki ikawa moja. Gia ya tatu ikaachwa huru. Mkono ukarudi ndani. Miguu na mikono ya Kitinda ilisahihishwa yote. Hakuna aliyefikiria kwamba barabara yenyewe nayo alikuwa ameirithi.

*

Siku ya mtihani Kitinda alirudi nyumbani mapema mno. Akakaa kizingitini, viatu mkononi.

"Umegonga?" aliuliza mama.

"Sijagonga."

"Umezimikiwa na gari?"

"Halikuzima."

"Sasa?"

"Nimesimama."

"Kwani kusimama si ndiko kuendesha kwenyewe?"

"Nimesimama duka la kona." Akavuta pumzi. "Mkaguzi akadhani nimeona mtoto anataka kuvuka. Akanyamaza. Halafu nikasimama kwa muuza mkaa."

"Muuza mkaa tunampelekea mikate?" aliuliza mama.

"Miwili, ya watoto wake," alisema Mzee Mikate polepole. Alikuwa ameshaanza kuelewa, na ufahamu huo ulikuwa ukimpanda kama maji ya baridi kutoka magotini.

"Mkaguzi akaniuliza, binti, unaumwa tumbo? Nikasema hapana. Nikaondoka vizuri, indiketa, vioo, kila kitu. Nikafika kwa Bi Mizani. Nikasimama."

"Pale pale?"

"Pale pale, Baba. Ubavuni mwa kivuko. Bi Mizani hata hakutazama ni gari gani, aliona sura yangu tu. Akatoka na kreti tupu, akampitishia mkaguzi dirishani. Akamwambia, za jana hizi, na mkawaambie mikate yenu siku hizi imebonyea."

"Na mkaguzi?"

"Alizipokea. Akazipakata hadi kituoni."

Mama alijaribu. Aliuma upindo wa kanga, akageukia ukuta, mabega yakatikisika, mwisho akashindwa, akacheka hadi akakaa chini. Kitinda naye akaambukizwa, akacheka huku machozi yakimshuka, na kwa muda nyumba ilisikika kama nyumba yenye sherehe. Mzee Mikate peke yake hakucheka.

"Kwa nini hukupita tu, mwanangu?"

"Sikuamua kusimama, Baba. Wananiona, wananipungia, mguu unakwenda wenyewe. Tangu nizaliwe sijawahi kupita barabara ile bila kusimama. Mkaguzi anasema kosa lililoniangusha ni la kwa Bi Mizani. Gari likisimama pale linawaficha wanaovuka."

"Lakini pale ndipo ninaposimama mimi."

"Najua, Baba."

Maneno hayo mawili aliyasema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomchoma. Alikuwa amempa mtoto urithi, na urithi huo umemkwamisha. Nafasi ya kurudia ilikuwepo moja, siku chache kabla ya mwezi kuisha.

"Mwalimu hawezi kumwomba mkaguzi abadili njia?" aliuliza mama.

"Mkaguzi haombwi njia," alisema Kitinda. "Na hata nikirudia, nitasimama tena. Najijua."

*

Mzee Mikate alilifikiria jambo hilo akila, akafikiria akioga, akafikiria huku Bosi akiuingiza mgongo wake kwenye kila shimo la mji. Kama mtoto hawezi kuacha kuwasimamia watu, basi watu waache kumsimamisha. Wasitoke, wasipunge, wasishike kreti. Rahisi. Ugumu ni kwamba wangeuliza sababu. Mwekezaji ana dereva wake, ana miguu ya kukunja nne, haraka ya leseni ya binti inatoka wapi?

Mchana akaenda kwa miguu, kiganja kikipapasa kuta. Duka la kona alikuta wateja wengi, akaomba tu bila kueleza, na mwenye duka akakubali kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kuuliza. Muuza mkaa alikubali kabla hajaombwa, alikuwa mtu wa namna hiyo. Akabaki Bi Mizani, aliyeitwa hivyo kwa sababu mizani yake haikuwahi kumdhulumu mtu wala kumzidishia, na maneno yake vilevile.

Nje ya duka lake kulikuwa na benchi, na kwenye benchi, kama kawaida, mstaafu mmoja ambaye mtaa ulimwita Babu Chumvi. Mzee wa heshima zake, hodari wa kusimulia, na kwa umri ule bado sura haijamtupa. Huyo hatumhitaji bado.

"Bi Mizani, nina ombi. Kesho kutwa binti yangu anarudia mtihani. Akipita hapa, usimpungie."

"Nisimpungie Kitinda? Kanikosea nini?"

"Hajakukosea."

"Basi nitampungia. Mtoto nimemlisha biskuti mwenyewe, leo nimgeuzie kisogo kama mdeni?"

Mzee Mikate akasimama pale, kofia mkononi. Alihisi Babu Chumvi ameacha kutafuna. Kulikuwa na mteja wa sukari naye kimya. Hakuna duka lenye masikio mengi kama duka lililonyamaza.

"Hapo ulipo," alisema, "umeinua vidole vingapi?"

"Sijainua kidole. Mikono yangu ipo kwenye sukari."

"Basi hata hilo sikulijua."

Bi Mizani akaacha sukari. Akazunguka kaunta, akaja mbele yake, akasogea kushoto, macho yake hayakumfuata, akasogea kulia, hayakumfuata. Akarudi katikati.

"Tangu lini?"

"Tangu huyo dereva."

"Kwa hiyo sisi tulivyokuita Mwekezaji..."

"Niliona afadhali hilo kuliko lile jingine."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema Bi Mizani. "Wewe umeumbuliwa na mikate." Lakini sauti yake ilikuwa imepoa. Akavuta pumzi ndefu. "Unajua miezi yote hii nilikuwa nakulaani moyoni? Ukipita nakupungia, hupungi. Nikasema, amepata, ametusahau. Nikasema, ngoja, na mikate yake nitairudisha hata kama ni mizima."

"Uliirudisha mizima?"

"Siku mbili. Labda tatu."

"Nami nilidhani mmeacha kunipungia," alisema Mzee Mikate. "Nikasema, wamemwona mtu anashuka na kreti kama kuli, wameacha."

Wakasimama hivyo, wazee wawili waliokuwa wamekasirikiana kwa muda mrefu bila mmoja kumjulisha mwenzake. Mteja wa sukari akakohoa.

"Wewe subiri," Bi Mizani alimwambia bila kugeuka. Kisha kwa Mzee: "Kesho kutwa mikono yangu nitaikalia."

*

Siku ilipofika, Mzee Mikate hakutaka kukaa nyumbani. Alikuja akakaa kwenye benchi la Bi Mizani, bega kwa bega na Babu Chumvi.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema. "Mimi niambie."

Na Babu Chumvi akamwambia. Hakumnyima kitu. Alimwambia mtaa mzima umejipanga kando ya barabara kama gwaride, mikono nyuma, nyuso zimekazwa, hakuna hata anayejikuna. Alimwambia muuza mkaa, kwa kutojiamini, amejifunga viganja kwa kamba ya gunia. Alimwambia mbuzi mmoja, aliyekuwa akivuka, amesimama naye kutazama, na hata mbuzi hatikisi mkia.

"Gari je?"

"Linatokea. Lina ile herufi kubwa ya wanafunzi mgongoni. Mwalimu Taratibu yuko nyuma, midomo inacheza. Nadhani anasema taratibu."

"Duka la kona?"

"Anakaribia. Anakaribia. Amepita."

Mzee Mikate aliinamisha kichwa ili sikio lifanye kazi. Aliisikia injini, ngeni kwake, laini, isiyokohoa. Akasikia gia ikiingia ya tatu, ikakaa yenyewe. Nani alimfundisha mtoto wake kuiamini gia namna hiyo? Si yeye. Akaona wivu mdogo, ukampita kama upepo wa mlango.

"Muuza mkaa?"

"Amepita. Hakugeuza hata shingo. Muuza mkaa analia."

"Acha chumvi."

"Basi amekunja uso."

Injini ikaja. Bi Mizani ndani ya duka, akiwa ameikalia mikono yake kwenye kigoda, alianza kusema maneno ya kuombea chini kwa chini. Na hapo ndipo gari lilipopunguza mwendo. Mzee Mikate alilisikia likipungua, na kila kitu ndani yake kikapungua pamoja nalo. Mguu wake wa kulia ukanyooka wenyewe ukatafuta breki, kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaukunja. Akautafutia mafuta.

Kilichokuwa kimetokea ndani ya gari ni hiki. Mkaguzi, mtu asiyesema vizuri wala vibaya, aliona duka, akakumbuka kreti, na labda alikuwa na kiu kweli, labda hakuwa nayo. Akasema, "Binti, simama hapo dukani ninunue maji."

Kitinda aliliona duka. Aliuona mlango, aliona ukingo uleule ambao magurudumu ya baba yake yamechora, na mguu wake tayari ulikuwa njiani. Kisha akakiona kivuko. Akaiweka mikono yake yote miwili kwenye usukani, akamgeuzia mkaguzi uso uliotulia, akasema kwa sauti ya kengele: "Afande, kwa heshima na taadhima, mahali hapa ni ubavuni mwa kivuko, na gari likisimama hapa litawaficha watoto, wazee na akina mama wenye mizigo. Kama ni kiu, ivumilie. Mimi nitasimama kule mbele, mahali pa halali."

Akapita.

"Amepita?" aliuliza Mzee Mikate.

"Amepita."

"Amepita kabisa?"

"Kabisa. Anasimama kule mbele, baada ya mti wa taa. Ameweka indiketa. Mkono uko ndani."

Macho ya Mzee Mikate yakatoa maji, lakini hayo yalikuwa ya dawa. Daktari alikuwa amempa matone ya asubuhi, na matone yale yana kawaida ya kuvuja. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na Babu Chumvi, ambaye si mtu wa kumbishia mgonjwa, akatazama upande mwingine.

Bi Mizani, aliyelisikia neno maji kupitia dirisha la gari, alikuwa ameshafungua friji. Alitoka mbio na chupa ya maji, akavuka kwenye kivuko kama raia mwema, akafika hadi dirishani. Mkaguzi akamtazama, akaitazama chupa, akatazama kama kuna kreti.

"Leo ni maji tu," alisema Bi Mizani.

*

Leseni ilitoka. Mama aliishika kwa ncha za vidole, akasema picha imemnyima mtoto shingo. Mama Tanuri alisema, kumbe badala ya kuwekeana kinyongo tumekuja kupongezana. Bosi alirudisha ufunguo, akasema kazi yenyewe alikuwa amekwisha ichoka, na kabla hajaondoka akatazama kreti za mikate ya moto kwa namna ambayo Mzee Mikate, ingawa hakuiona, aliijua. Akampa mkate. Mzima, na ulaini wake na maganda yake.

Sasa Kitinda ndiye anayeendesha. Shimo la mteremko analizunguka, na mikate inafika kama ilivyotoka tanurini. Breki za gari lile zilikwisha tengenezwa, maana Kitinda alikataa kuondoka nalo hadi zitengenezwe, na taa ya upande ule, baada ya miaka mingi ya kupumzika, inawaka. Baba hukaa kiti cha abiria. Kwa Bi Mizani gari halisimami tena ubavuni mwa kivuko, linasimama mbele ya mti wa taa, na kreti zinabebwa kurudi dukani. Bi Mizani akipunga, Kitinda husema, "Baba, kushoto," na baba hupunga kushoto.

Haya yote nilikuwa nawasomea watu wa benchini juzi, nikiwa nimefika mahali pa gwaride kwa mara ya pili kwa sababu waliomba nirudie, ndipo nilipohisi kivuli. Kitinda alikuwa amesimama mlangoni, kreti begani.

"Gwaride gani, Babu?"

"Gwaride la mtaa, mjukuu wangu."

"Siku ile nje mlikuwa wewe, Baba na mbuzi. Muuza mkaa alikuwa ameenda kufuata mzigo, alifunga tangu asubuhi."

"Mbuzi alikuwepo?" waliuliza watu wa benchini, ambao nilidhani ni rafiki zangu.

"Mbuzi alikuwepo," alisema Bi Mizani kutoka ndani. "Ila hakusimama kutazama. Alikuwa anakula boksi langu."

"Na hiyo hotuba ya taadhima ni ya nani?" Kitinda alishusha kreti. "Mimi nilisema, 'Hapa hapasimami gari, Afande,' basi. Na sauti ilikuwa inatetemeka hadi mkaguzi akaniuliza nimesemaje."

Nikasema kwamba maana ni ileile. Nikasema kwamba hadithi bila kitu kidogo ni kama mkate bila chachu. Bi Mizani akasema mizani yake haijui chachu. Wakaketi kikao palepale, bila kunipa hata wakili, wakaamua: kila uongo ninunue mkate mmoja, bei ya duka. Gwaride mmoja, muuza mkaa mmoja, hotuba mmoja. Kwa mbuzi nikaponea nusu, nikaambiwa nusu haiuzwi, nikachukua mzima.

"Na yale matone ya dawa," alisema Kitinda. "Baba hatumii matone ya asubuhi. Matone yake ni ya usiku. Huo wa tano."

Gari lilikuwa mbele ya mti wa taa, dirisha wazi, na masikio ya Mzee Mikate sasa ni makali kama ya mtu mwingine kabisa.

"Huo usimlipishe," alisema kutoka kule. "Huo ni wangu. Yeye aliandika nilivyomwambia."

Kitinda akatembea hadi kwenye gari. Baba yake akaingiza mkono mfukoni, akapapasa, akatoa sarafu dirishani, akainyoosha kidogo pembeni ya pale alipokuwa amesimama binti yake. Kitinda akasogeza kiganja chake hadi ilipokuwa sarafu, akaipokea, akasema ahsante, karibu tena, kama anavyomwambia mteja yeyote, akampa mkate wake.

Nami nikafungua pochi nikalipa minne yangu, bila kuomba kupunguziwa.